Wagigante wa Ugiriki ya kale: jina lililotangulia ukubwa

Kiswahili hakina shida na majitu. Ukichukua shina -tu, lile lile linalotupa mtu na kitu, ukalivisha kiambishi ji- cha ukubwa, unapata jitu, na msikilizaji hana haja ya kuelezwa zaidi: huyo ni mtu aliyevuka kimo, pengine na adabu pia. Ukubwa umo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo maana mfasiri wa Kiswahili anayekutana na Gigantes wa visasili vya Kigiriki huandika "majitu" bila kusita, na kwa kufanya hivyo huwa ameshawapa wasomaji wake jambo ambalo Wagiriki wa mwanzo hawakulitanguliza. Kwa Homeros na Hesiodos, washairi ambao ndio mashahidi wetu wa kale kuliko wote, Gigantes walikuwa kwanza kabila: watu wa vita, wenye kiburi, wenye asili ya kutisha. Kimo kiliwafuata nyuma, kidogo kidogo, mpaka kikalimeza jina lao, hata leo lugha kadhaa za Ulaya humwita kila jitu kwa jina la kabila hilo.

Katika makala haya nitawaita Wagigante, kwa ngeli ya watu, ili swali la kimo libaki wazi mpaka tulifikie. Umoja kwa Kigiriki ni gigas, na wingi ni gigantes. Ile -nt- inayojificha katika umoja na kuchomoza katika wingi iwekwe akilini, kwa sababu ni miongoni mwa alama chache tulizo nazo za asili ya jina hili.

Habari ya kuzaliwa kwao imo katika Theogonia, utenzi ambao Hesiodos aliutunga yapata mwaka 700 K.K. kueleza nasaba ya miungu. Ouranos, yaani Mbingu, alikuwa akiwazuia wanawe wasitoke tumboni mwa mama yao Gaia, yaani Ardhi. Gaia, akiwa amelemewa na mzigo huo, alitengeneza mundu mkubwa akampa Kronos, mwanawe wa mwisho, naye akamvizia baba yake usiku na kumkata uume. Kiungo hicho kilitupwa baharini, na katika povu lake akazaliwa Aphrodite. Lakini matone ya damu yalikuwa yameanguka njiani, na Ardhi akayapokea yote. Miaka ilipozunguka, akazaa makundi matatu: Waerinye, miungu wa kike wa kisasi, Wagigante, na nimfu, yaani roho wa kike wa maumbile, waitwao Meliai, ambao jina lao latokana na melia, mti wenye mbao ngumu ambazo Wagiriki walizichonga kuwa mipini ya mikuki.

Tuutazame uzazi huo kwa karibu, maana mshairi hakuwapanga watoto hawa ovyo. Damu ya baba aliyejeruhiwa na mwanawe inazaa kisasi, inazaa wapiganaji, na inazaa mti wa kutengenezea mikuki. Ni familia moja ya ukatili. Wagigante wenyewe wanapewa maneno machache tu: ni wakubwa, wanang'aa kwa silaha zao, na mikononi wameshika mikuki mirefu. Wametoka ardhini wakiwa wamekwisha kuvaa dirii, kana kwamba vita ndiyo ngozi yao. Msomaji atauliza: si Hesiodos amesema ni wakubwa? Amesema. Hata hivyo kivumishi alichokitumia, megas, kilitumika pia kwa mungu na kwa kiapo, kama sisi tunavyosema "mtu mkubwa" bila kuchukua futi kamba. Tena, kama ukubwa ungekuwa tayari umo ndani ya jina gigas, mshairi asingekuwa na sababu kubwa ya kuuongeza. Hoja hii ya pili naileta kwa tahadhari, kwa kuwa washairi hupenda kurudia kilichokwisha kujulikana, lakini kwa pamoja na ushahidi wa Homeros ina uzito wake.

Homeros anawataja Wagigante mara tatu, zote katika Odyssey, utenzi wa safari za Odysseus kurudi nyumbani. Mara ya kwanza tunaambiwa kwamba Alkinoos, mfalme wa Wafaiake, alikuwa na bibi mzaa baba aliyeitwa Periboia, binti wa Eurymedon. Na Eurymedon huyo alikuwa mfalme wa Wagigante wenye kiburi, aliyewaangamiza watu wake wapumbavu na kuangamia pamoja nao. Mara ya pili Alkinoos mwenyewe anajisifu kwamba Wafaiake wako karibu na miungu, sawa na Wasaiklopi, wale wenye jicho moja, na makabila ya Wagigante wasiostaarabika. Tazama maneno yenyewe: mfalme, watu wake, makabila. Hawa wana utawala, wana mabinti wa kuozwa, na damu yao inapita katika ukoo wa mfalme anayemkaribisha Odysseus mezani, wala hakuna anayeshangaa jinsi binti wa jitu alivyoweza kuwa bibi wa mtu wa kimo cha kawaida. Ni mara ya tatu tu ndipo mwili unapochungulia: Walaistrygoni, waliovivurumishia mawe vyombo vya Odysseus, wanasemwa kuwa hawakufanana na watu bali na Wagigante, na tayari tumeshaambiwa kwamba mke wa mfalme wao alikuwa mkubwa kama kilele cha mlima. Kuhusu vita kati ya Wagigante na miungu, vita ambavyo baadaye vitakuwa ndiyo habari yao yote, Homeros hasemi neno.

Sasa jina. Wagiriki wenyewe walikuwa na maelezo yaliyowaridhisha: gigas ni sawa na gēgenēs, "aliyezaliwa na ardhi", kutoka gē, ardhi, na gen-, mzizi wa kuzaa. Sophokles, katika tamthilia yake ya Wanawake wa Trakhis, anawaita jeshi la Wagigante waliozaliwa na ardhi, na wanasarufi wa zama za baadaye waliyaunganisha maneno hayo mawili moja kwa moja. Maelezo haya yanapendeza kwa sababu yanaafikiana na Hesiodos: mama yao ni Ardhi, kwa nini jina lao lisitoke kwake? Hata leo yanarudiwa katika vitabu na kwenye mitandao kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Sarufi, hata hivyo, hairidhiki. Neno la Kigiriki la ardhi lilitamkwa gē huko Athens na gā kwa Wadori, kabila jingine la Wagiriki. Halijulikani kuwa gi- katika mazingira ya namna hii. Mzizi gen- nao hauna njia ya kawaida ya kugeuka kuwa -gant-. Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni ile iliyo wazi mno hata watu huipita: Wagiriki walipotaka kusema "mzaliwa wa ardhi" walikuwa na neno la kusema hivyo, nalo ni hilo hilo gēgenēs, lililoundwa kwa kanuni zote za lugha yao na kueleweka na kila mtu. Lugha haikuhitaji kulipinda mpaka likawa gigas. Kinachoonekana ni kwamba jina lilikuwepo kwanza, maana yake ikiwa imekwisha kusahaulika, na sikio la Mgiriki likasikia ndani yake mwangwi wa maneno mawili aliyoyajua.

Hapo ndipo ile -nt- inapokuwa na kazi. Kiishio hicho kinapatikana katika majina ya makabila na ya watu wa kale ambayo Kigiriki hakiwezi kuyafafanua kwa mizizi yake yenyewe: Abantes wa kisiwa cha Euboia, Korybantes waliocheza ngoma za mama wa miungu, Aias ambaye kwa umilikaji huwa Aiantos, na Atlas ambaye huwa Atlantos. Robert Beekes, katika kamusi yake ya asili ya maneno ya Kigiriki iliyotoka mwaka 2010, aliliweka neno gigas katika fungu la maneno yaliyorithiwa kutoka lugha iliyozungumzwa katika nchi hiyo kabla Kigiriki hakijafika. Lugha hiyo haikuacha maandishi tunayoweza kuyasoma. Tunaijua kwa majina ya mahali, mimea na viumbe yaliyobaki midomoni mwa wageni. Wako wataalamu waliojaribu kulirudisha neno hili katika ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya, ambamo Kigiriki kimo, lakini hakuna jaribio lililokubaliwa na wengi. Kwa maoni yangu Beekes ana hoja bora, na hoja yake inakaa vizuri na Homeros: jina la kabila, lenye umbo la majina ya makabila, kutoka kwa watu waliotangulia.

Lakini etimolojia, yaani maelezo ya asili ya neno, isiyo sahihi inaweza kuwa na nguvu kuliko iliyo sahihi. Mara Wagiriki walipoamini kwamba Wagigante ni "wazaliwa wa ardhi", kila kitu kingine kiliwafuata: nguvu zao zikawa za ardhi, udhaifu wao ukawa wa ardhi, na hatimaye miguu yao ikawa ya mnyama wa ardhini. Hayo yote yanaonekana katika vita vyao na miungu, ambavyo Wagiriki waliviita Gigantomakhia.

Msimuliaji aliyetuachia habari kamili ni mwandishi wa Bibliotheke, kitabu cha visasili kilichoandikwa katika zama za Dola ya Roma na ambacho kwa mazoea huitwa cha Apollodoros. Anasema kwamba Gaia alikasirika kwa ajili ya wanawe Watitani, kizazi cha miungu kilichotangulia, ambao Zeus, mfalme mpya wa miungu, alikuwa amewafunga, akawazaa Wagigante ili walipize kisasi. Hapa, karne nyingi baada ya Hesiodos, kimo kimeshika nafasi ya kwanza: hawana wa kulinganishwa nao kwa ukubwa wa mwili, nywele ndefu zinaning'inia vichwani na videvuni, na miguu yao ina magamba ya joka. Walizaliwa Phlegra, au kwa kauli nyingine Pallene, ambayo ni ile rasi ya magharibi kati ya zile tatu za Khalkidike, kaskazini mwa Ugiriki. Leo inaitwa Kassandra. Wakaanza kuirushia mbingu majabali na mialoni inayowaka moto.

Miungu walikuwa na tatizo la kisheria, kama tunaweza kuliita hivyo. Utabiri ulisema kwamba hakuna Mgigante atakayekufa kwa mkono wa mungu peke yake. Lazima awepo mwanadamu wa kusaidia. Gaia alipolisikia hilo akaanza kutafuta mmea wa dawa ambao ungewakinga wanawe hata na mwanadamu. Zeus akawaagiza Alfajiri, Mwezi na Jua wasichomoze, na katika giza hilo akauchuma mmea yeye mwenyewe kabla mama hajaufikia. Kisha akamtuma binti yake Athena kumwita Herakles, mwana wa Zeus lakini aliyezaliwa na mwanamke wa kawaida, Alkmene, na kwa hiyo mtu wa kufa.

Mpinzani wa kwanza wa Herakles alikuwa Alkyoneus, na ni hapa ambapo imani ya "wazaliwa wa ardhi" inaonyesha meno. Herakles alimpiga mshale, Alkyoneus akaanguka, na alipoigusa ardhi akapata nguvu upya, kwa kuwa hakuweza kufa akiwa juu ya udongo uliomzaa. Athena akampa Herakles shauri: mburute umtoe nje ya Pallene. Akamburuta, akavuka naye mpaka, na huko Alkyoneus akafa. Mtu hahitaji kujua sarufi kuona kilichotokea: maana iliyodhaniwa kuwa imo katika jina imegeuzwa kuwa kanuni ya pigano.

Mengine yanakwenda kwa kasi. Porphyrion alimvamia Hera, Zeus akampiga radi na Herakles akammaliza kwa mshale. Ephialtes alipoteza jicho la kushoto kwa mshale wa Apollon na la kulia kwa mshale wa Herakles. Hekate alimuua Klytios kwa mienge, Hephaistos, mhunzi wa miungu, akamrushia Mimas vipande vya chuma vyekundu kwa moto, na Athena akamchuna ngozi Pallas akaivaa kama kinga. Enkelados alitimua mbio, Athena akamtupia kisiwa cha Sicily juu yake. Polybotes alikimbilia Kos kupitia baharini, Poseidon akamega kipande cha kisiwa hicho na kumfunika nacho. Kipande hicho kinaitwa Nisyros. Na kila aliyeanguka kwa pigo la mungu alipigwa tena mshale na Herakles, ili sharti la utabiri litimie.

Masimulizi hayo yanagongana na ya Homeros pasipo upatanisho. Eurymedon, mfalme wao katika Odyssey, hayumo katika orodha ya waliopigana. Na Pindaros, mshairi wa karne ya 5 K.K., anamwita Porphyrion ndiye mfalme wao, tena anasema aliuawa na mshale wa Apollon. Mtu akiuliza ipi ni habari "ya kweli", atakuwa anauliza swali ambalo Mgiriki wa kale mwenyewe asingelielewa vizuri. Kila mji ulikuwa na masimulizi yake, na kila mshairi alikuwa na ruhusa ya kuyapindua.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni wa ukoo. Watitani ni watoto 12 wa Ouranos na Gaia, kizazi cha miungu kilichotawala kabla ya Zeus; hao hawakufa bali walifungwa Tartaros, kuzimu kwa kina. Wagigante si miungu na wanaweza kuuawa. Typhon, zimwi la vichwa mia, ni mwana mwingine wa Gaia aliyepigana na Zeus peke yake. Kisha wako Otos na Ephialtes, watoto wa Aloeus kwa jina lakini wa Poseidon kwa damu, ambao Homeros anasema walipofika umri wa miaka tisa walikuwa na upana wa dhiraa tisa na urefu wa pima tisa, wakataka kuupanga mlima Ossa juu ya Olympos na Pelion juu ya Ossa ili wapande mbinguni. Hawa ndugu wawili ndio majitu hasa, kwa vipimo vilivyotajwa, lakini Homeros hawaiti Wagigante. Tazama sasa jinsi mambo yalivyoingiliana: jina Ephialtes likaingia katika orodha ya Wagigante, na Ovidius, mshairi wa Roma, akawapa Wagigante kazi ile ya kupandisha milima juu ya milima. Etna nayo, mlima wa volkeno wa Sicily ambao Pindaros aliuweka juu ya Typhon, Vergilius, mshairi mwingine wa Roma, anaieleza kuwa imemlalia Enkelados. Nadhani kimo cha Wagigante kilitoka hapa kwa sehemu kubwa: walirithi miili ya ndugu zao wa kambo.

Sehemu nyingine ya mageuzi hayo inaonekana katika sanaa, na kwa bahati njema sanaa ina tarehe. Huko Delphi, watu wa kisiwa cha Siphnos walijenga jengo la hazina la marumaru yapata mwaka 525 K.K., na upande wake wa kaskazini una ukanda wa michongo unaoonyesha vita hivi. Ukitazama bila kusoma majina yaliyoandikwa kandoni, utadhani ni vita vya miji miwili. Wagigante wanakuja kwa safu, wamevaa kofia za chuma zenye shungi, wameshika ngao za duara na mikuki, na kimo chao ni kile kile cha miungu wanaopigana nao. Apollon na Artemis wanavuta pinde pamoja, bega kwa bega. Hephaistos anashughulika na mvukuto wake. Kuna gari la vita linalovutwa na simba wawili, na mmoja wao amemkamata Mgigante kwa kucha na kumng'ata ubavuni. Uso wa mtu huyo umegeuzwa utuangalie sisi, mdomo wazi. Hana miguu ya nyoka. Ni askari wa Kigiriki anayeliwa na simba.

Hao ndio Wagigante wa Hesiodos, wenye silaha zinazong'aa na mikuki mirefu. Katika karne ya 5 K.K. wachoraji wa mitungi walianza kuwavua dirii na kuwavika ngozi za wanyama, wakawapa mawe na magogo badala ya mikuki. Ustaarabu uliondolewa mwilini mwao vazi kwa vazi. Athens ilikuwa na sababu ya kupenda habari hii, kwa kuwa Athena alikuwa shujaa wake: vazi lililofumwa na kutolewa kwa mungu huyo katika sikukuu ya Panathenaia lilipambwa kwa picha za vita hivyo, na upande wa mashariki wa Parthenon, hekalu lake, ulichongwa habari hiyo hiyo. Katika karne ya 4 K.K. miguu ya nyoka inaanza kuonekana. Si pambo la kubahatisha. Nyoka kwa Wagiriki alikuwa mnyama wa ardhi, na Kekrops, mfalme wa kwanza wa Athens aliyesemwa kuwa alitoka ardhini, naye alichorwa na mkia wa nyoka. Msanii aliyewapa Wagigante miguu hiyo alikuwa anachora etimolojia.

Kilele cha safari hiyo ni madhabahu ya Pergamon, katika magharibi ya Uturuki ya leo, iliyojengwa karne ya 2 K.K. na ambayo michongo yake ilipelekwa Berlin baada ya mhandisi Carl Humann kuanza kuichimbua mwaka 1878. Ukanda wake una urefu wa mita 113 hivi na kimo cha mita 2.3. Wako Wagigante wenye umbo la binadamu, wenye mabawa, wenye nyoka tangu mapajani, na mmoja ana kichwa cha simba; penye ngazi wamemwagika nje ya mpaka wa ukanda na kuegemeza magoti kwenye vidato ambavyo watu walipandia. Sehemu ninayoiona kuwa bora kuliko zote inamwonyesha Athena amemkamata kijana mwenye mabawa kwa nywele, yule anayetambuliwa kuwa Alkyoneus, na kumwinua. Mkono wa kijana umejikunja kuushika mkono wa mungu, na nyoka wa Athena amemng'ata kifuani. Chini yao Gaia anachomoza kutoka ardhini, nusu ya mwili tu, nywele zimetimka, macho ameyainua juu akimwombea mwanawe. Ncha za vidole vya mguu vya kijana zinaelekea kuachana na udongo, na mama yake, ambaye ndiye udongo wenyewe, anaona.

Pamoja na maneno na picha, palikuwa na mifupa. Udongo wa Ugiriki umehifadhi visukuku vya ndovu wa zama za kale na wanyama wengine wakubwa, na mfupa wa paja la ndovu, kwa mtu asiyewahi kumwona ndovu, unafanana vya kutosha na wa binadamu kumfanya aapie majitu. Mtawala wa Roma, Augustus, alikusanya katika nyumba yake ya Capri mifupa mikubwa ambayo watu waliiita mifupa ya Wagigante. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., anaeleza kwamba watu wa Arkadia walidai vita vilipiganwa kwao, karibu na mto Alpheios, mahali ambapo moto ulitoka ardhini. Bonde hilo la Megalopolis lina makaa ya mawe ya kahawia na visukuku vya ndovu. Pausanias huyo huyo anaikataa miguu ya nyoka na kuiita upuuzi. Ushahidi anaoutoa ni jeneza la udongo lenye urefu wa zaidi ya dhiraa 11, lililopatikana Syria katika mkondo wa mto Orontes, na maiti iliyokuwemo ilikuwa na umbo la binadamu kila sehemu. Alikataa nyoka, akakubali dhiraa 11.

Volkeno zilichangia pia: Nisyros ni volkeno, Etna ni volkeno, na uwanda wa volkeno ulio karibu na Napoli unaitwa hadi leo kwa jina la Phlegra. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba Vesuvius, volkeno ya karibu na Napoli, ilipolipuka mwaka 79 B.K. watu walidai kuwaona wanaume wakubwa mno, kama Wagigante wanavyochorwa, wakizunguka mlimani na angani. Mifupa na moto vinaeleza vizuri kwa nini Wagigante walikua. Haviwezi kueleza mkuki na dirii, wala jina.

Jina lenyewe liliondoka Ugiriki kwa njia ambayo Hesiodos asingeiota. Wayahudi wa Alexandria walipoanza kufasiri maandiko yao kwa Kigiriki katika karne ya 3 K.K., walifika Mwanzo 6:4 wakakutana na neno la Kiebrania Nephilim, wakaandika gigantes. Katika aya hiyo hiyo, "watu hodari" wa Kiebrania nao wakawa gigantes, na Nimrodi, anayefuata katika sura ya 10, akawa gigas. Kwa wafasiri hao, basi, neno lilikuwa bado linabeba nguvu na ujeuri pamoja na kimo. Kilatini kikalipokea, Kifaransa kikalifanya géant, Kiingereza kikalichukua kutoka Kifaransa, na huko likabaki na kimo peke yake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilikwepa safari hiyo yote kwa kurudi kwenye Kiebrania: imeandika Wanefili.

Mwanaastronomia John Herschel, aliyewapa miezi ya Zohali majina mwaka 1847, sayari ambayo Warumi waliiita kwa jina lao la Kronos, alitaka kumzungushia Kronos jamaa zake Watitani, lakini miezi miwili ikapata majina ya Mimas na Enkelados, ambao ni Wagigante. Mkanganyiko wa ukoo ukapanda mbinguni bila kuhitaji kupanga milima. Na mwaka 1960 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, katika kikao chake cha 11, uliidhinisha viambishi vya kimataifa: nano, kutoka neno la Kigiriki la mbilikimo, kwa sehemu moja ya bilioni, tera, kutoka teras, zimwi, kwa trilioni, na giga, kutoka gigas, kwa bilioni. Neno ambalo Hesiodos alilivika dirii na kulipa mkuki sasa huandikwa kwa herufi moja tu, G, katika ujumbe unaomwarifu mtu kwamba bando lake linakaribia kwisha.